Unapaka mafuta na bado unapauka: maswali yenu kuhusu losheni za kutengeneza nyumbani

Tangu baridi ianze meseji zenu karibu zote ni za ngozi, na wengi mmechoka na bei za losheni za dukani mnataka mjipikie wenyewe. Mi hii kazi naifanya jikoni kwangu miaka sasa na nyumbani hatununui mafuta ya mwili, kwa hiyo nawajibu ninachokijua kwa mikono. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, msione nimewaruka.

SWALI: Shikamoo dada. Niko Njombe, napaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni tena mengi mpaka nguo zinashika mafuta, lakini ikifika saa nne miguu imeshakuwa myeupe kama nimepita kwenye unga. Nimeambiwa nitengeneze ya shea na nta. Yatasaidia au napoteza hela?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Yatasaidia, ila kabla ya shea (ile siagi ya mbegu za mti wa shea) na nta ya nyuki tuongee kwanza unavyopaka maana naona tatizo linaanzia hapo. Mafuta hayana maji ndani yake. Upake hata chupa nzima hayaongezi tone la maji kwenye ngozi, kazi yake ni kuyafunika yale yaliyopo yasitoke. Sasa wengi wetu tunaoga, tunajifuta mpaka tunakauka kabisa, tunavaa, tunahangaika na chai ya watoto, alafu ndo tunakumbuka mafuta. Hapo ni sawa na kufunika sufuria mchuzi ukiwa umeshakauka. Ukitoka kuoga jigusegusie taulo tu, ngozi ibaki na unyevu, upake palepale bafuni kabla hata dakika tatu hazijaisha. Fanya hivyo wiki moja na hayo hayo mafuta yako ya nazi kabla hujanunua kitu, utaona tofauti.

Na maji ya kuoga yawe ya vuguvugu. Najua Njombe mwezi wa saba maji ya moto ndo raha yenyewe, lakini yanaondoka na mafuta ya asili ya ngozi yako. Sabuni ya mche nayo iachie nguo, ni kali mno kwa mwili unaopauka.

Alafu kuna hili la mafuta ya nazi kwenye baridi. Yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na huko kwenu ina maana yameganda karibu kutwa nzima, unayakwangua kwa kucha, unayasugua, mengine yanabaki kwenye nguo. Kwa Njombe, Makete, Mbeya na hata Arusha msimu huu mi nashauri mafuta ya alizeti kama msingi, yale yaliyochujwa vizuri yasiyo na harufu kali, hayagandi na bei yake mnaijua.

Vipimo vyangu ni hivi: nta ya nyuki gramu 20, shea gramu 60, mafuta ya alizeti gramu 120. Unapata gramu 200, kopo zuri tu la mwezi kwa mtu mmoja. Kama huna mzani wa jikoni, yeyusha kila kimoja peke yake kisha pima kwa kijiko kimoja, nta kijiko 1, shea 3, alizeti 6, hautakosea sana. Weka bakuli la bati au sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka taratibu, usiweke mafuta moja kwa moja kwenye moto, nta na mafuta vikishika moto ni hatari na watoto wasiwe karibu kabisa. Anza na nta pamoja na alizeti, nta inahitaji joto la nyuzi kama 62 hadi 65 ndo iyeyuke, ikishapotea yote zima moto ndo utie shea, maana shea inayeyuka kwa joto dogo tu na hakuna sababu ya kuipika. Koroga. Utaona ukingo wa bakuli unaanza kuweka utando mweupe kama samli inayoanza kuganda, hapo ndo mimina kwenye makopo makavu. Nasema makavu, sio yaliyosuuzwa saivi. Mlioko Dar, Tanga au Mombasa ongezeni nta ifike gramu 30 mpunguze mafuta yawe 110, bila hivyo kopo litakuwa uji mchana.

Nta ukinunua kwa wanaorina asali, ile ya Tabora au Singida, mara nyingi inakuja nyeusi na ina vipande vya masega na hata miguu ya nyuki. Usiogope. Ichemshe ndani ya maji, ichuje kwenye kitambaa cha pamba ingali ya moto, iache usiku kucha. Asubuhi unakuta sahani ya njano imeelea juu, uchafu umebaki chini yake, unaukwangua kwa kisu. Ikaushe vizuri kabla ya kuitumia.

Kwa wenye magaga, mafuta hayo hayo paka mengi usiku baada ya kuloweka miguu dakika kumi, vaa soksi za pamba ulale nazo. Ila mwenye kisukari asijikwangue magaga kwa wembe wala jiwe, hata kidogo. Aende akaangaliwe miguu.

SWALI: Dada nilitengeneza losheni ya alovera, mafuta ya nazi na maji ya waridi, nikatia vitamini E kama kihifadhi nilivyofundishwa. Ilikuwa nzuri sana, nyeupe, laini. Siku ya tisa nikakuta vidoadoa vyeusi kwenye mfuniko. Nikivikwangua naweza kuendelea kutumia? Nimetumia hela nyingi. Morogoro.

JIBU: Hapana mama, imwage yote leo. Najua inauma.

Naijua hiyo losheni maana na mi nilishaitengeneza. Miaka hiyo naanza nilikata jani la alovera kwenye ndoo yangu ya uani, nikasaga na mafuta ya nazi kwenye blenda mpaka ikawa kama krimu ya keki, nikampelekea mdogo wangu aliyekuwa ametoka kujifungua, ngozi ya mikono imemkauka kwa kufua nepi. Siku ya nane akanipigia. Kopo lilikuwa linanuka kama tambara la jikoni lililolala na maji, na pale kwenye viwiko alipokuwa amejikuna vimeota vipele vyenye usaha. Alipona kwa dawa za hospitali, mtoto hakupakwa, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile hakuna kitu chenye maji kinachotoka jikoni kwangu bila kihifadhi cha kweli, na kila anayeniuliza namwambia hivyo hivyo.

Sababu yenyewe ni hii. Kitu kikishakuwa na maji, iwe alovera, maji ya waridi, maji ya mchele, maziwa, asali iliyochanganywa na maji, hapo umeshawaandalia bakteria na ukungu chakula na kinywaji. Vitamini E haiwazuii. Inachofanya ni kuchelewesha mafuta yasiharibike, yani ile harufu ya karanga za zamani. Hayo ni mambo mawili tofauti na wanaofundisha watu mitandaoni wanayachanganya kila siku. Mafuta ya mchaichai, mkaratusi, matone ya ndimu, chumvi, nayo hayatoshi. Na ukungu ukiuona kwenye mfuniko ujue ndani wameshajaa muda mrefu, bakteria hata huwaoni kabisa, kwa hiyo kukwangua juu hakusaidii.

Kwa hiyo chagua. Njia rahisi ni kubaki na mafuta yasiyo na maji, kama yale niliyompa dada wa Njombe, yanakaa miezi kadhaa mradi usichovye vidole vyenye maji. Alovera yako kata siku hiyo, paka utomvu ule mwangavu wa ndani kwenye ngozi (ule wa njano unaotoka pembeni ya jani uache udondoke kwanza, unawasha), kisha funika kwa mafuta juu yake. Umepata faida ya vyote viwili na hamna cha kuoza.

Njia ya pili ni losheni kamili, ya kumimina. Hii inataka vitu viwili ambavyo jikoni havipo. Kimoja ni nta ya kuunganisha, wauzaji wa malighafi za vipodozi wanaiita imalsifaya, inayofanya mafuta na maji vishikane. Nta ya nyuki peke yake haiwezi kazi hiyo, utakoroga ikubali, baada ya siku mbili tatu utakuta maji yamejitenga chini. Cha pili ni kihifadhi, wengi wanatumia chenye fenoksiethanoli, na usizidishe kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, kawaida ni asilimia 1. Ya gramu 200: maji yaliyochemshwa au ya kutoneshwa 146, glisirini 8, mafuta ya alizeti au ufuta 30, imalsifaya 14, kihifadhi 2. Maji na glisirini chombo kimoja, mafuta na imalsifaya chombo kingine, vyote vipate joto la nyuzi 70 hivi, ndo uviunganishe ukikoroga. Mwanzoni itakuwa nyepesi kama maziwa utadhani umekosea, endelea tu kukoroga, inavyopoa inajikaza yenyewe. Kihifadhi kinaingia mwishoni, ukishika chombo kwa nje kiwe cha vuguvugu tu. Hapa mzani ni lazima, vijiko havitoshi. Vyombo vyote pitisha kwenye maji yanayochemka uviache vikauke.

Glisirini ndo ile inayovuta maji na kuyashikilia. Msiipake tupu bila kuchanganya, hasa kwenye hali ya hewa kavu, itavuta maji kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe na utabaki unanata na umepauka.

SWALI: Shea yangu inakuwa na chenga chenga kama sukari. Imeharibika?

JIBU: Haijaharibika. Shea ina mafuta ya aina tofauti ndani yake na kila moja linaganda kwa wakati wake, ikipoa polepole yale yanayowahi yanatengeneza chenga. Iyeyushe yote tena kisha uipooze haraka, weka bakuli ndani ya maji ya barafu ukikoroga au ingiza kopo kwenye friji. Shea ya kaskazini mwa Uganda, ile ya Lira na Gulu ambayo wenyewe wanaiita moo yao, ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na mi naipenda zaidi kwa mikono. Ina harufu yake, lakini ukishaizoea hutaki nyingine.

SWALI: Habari dadangu. Niko Limuru, mtoto wangu wa miezi saba ako na ngozi kavu sana mashavuni na kwa mikunjo ya mikono, anajikuna hadi damu. Nyanyake anasema nimpake mafuta ya zeituni, jirani anasema ya karanga. Nimtengenezee gani?

JIBU: Mzuri mama, pole kwa kukesha. Hiyo unayoielezea, mashavuni na kwenye mikunjo, inafanana sana na pumu ya ngozi, na huyo daktari amwone hata kama utatengeneza mafuta. Nyanya umheshimu, ila zeituni kwa ngozi ya mtoto yenye shida hii siyo nzuri, inadhoofisha ule ukuta wa juu wa ngozi. Alizeti ni bora kuliko zeituni. Ya karanga usipake kabisa, mtoto mwenye ngozi iliyopasuka anaweza kuanza mzio wa karanga kupitia hapo kwa ngozi.

Kwa mtoto mi sitii kitu cha kunukia, hata lavenda, hata kama ni ya asili. Mafuta ya mgando ya kawaida (petroli jeli), yale meupe yasiyo na manukato, yanatosha, mara tatu nne kwa siku na mara tu baada ya kuoga. Ukitaka ya kwako yeyusha shea sehemu moja na alizeti sehemu moja, basi. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono wake usubiri siku moja. Ukiona majimaji ya njano, usaha au joto la mwili limepanda, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na kitu kimoja ambacho wazazi wengi hatukijui: kama muwasho unazidi usiku na wewe na wengine nyumbani mnajikuna pia, hasa katikati ya vidole, hiyo inaweza kuwa upele ule wa kuambukizana, na upele hautibiwi kwa losheni. Inatakiwa dawa na mtibiwe wote kwa pamoja.

SWALI: Nimeona watu wanachanganya losheni na limau, magadi soda na tyubu fulani ya duka la dawa, wanasema ngozi kavu inalainika na inang'aa ndani ya wiki. Nimeanza na kweli inang'aa. Kuna ubaya? Dar.

JIBU: Kuna ubaya mkubwa na naomba unisikilize kama dada yako. Hiyo siyo losheni ya ngozi kavu, huo ni mkorogo, mchanganyiko wa kujichubua.

Limau na ndimu kwenye ngozi alafu ukatoka juani, ngozi inaungua na inaacha mabaka meusi yanayokaa wiki au miezi. Magadi yanaharibu ukuta wa ngozi, ngozi ina uchachu kidogo, pH ya kama 5, na magadi ni kinyume chake kabisa, ndo maana baada ya muda unakuwa mkavu kuliko ulivyoanza. Na hiyo tyubu ndo inayonitisha zaidi, maana mara nyingi ni steroidi kali kama klobetasoli, dawa ya kuandikiwa na daktari kwa siku chache na sehemu ndogo. Ukiipaka mwili mzima kila siku ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani na mabegani, ukijikata kidogo haiponi haraka. Huo mng'ao wa wiki ya kwanza ndo ngozi inavyoanza kukonda.

Wengine wanaongezea krimu za kujichubua zenye haidrokwinoni au zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi inaenda kuharibu figo, na kwenye mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, nchi zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala kuuzwa kuanzia 2025. Bado vinauzwa chinichini. Haidrokwinoni ukiitumia muda mrefu ngozi inageuka nyeusi ya bluu mashavuni na kwenye vifundo vya vidole, na hiyo kuirudisha ni kazi ngumu mno.

Kama una muda mrefu kwenye hiyo tyubu usiache ghafla peke yako, ngozi inaweza kuwaka, ikavimba na kuwasha vibaya. Nenda kwa daktari wa ngozi, beba tyubu yenyewe mkononi, mwambie ukweli wote. Amewaona wengi hatakushangaa. Wiki hizo, zaidi ya atakachokuelekeza daktari, paka mafuta ya mgando tu, hamna kingine.

SWALI: Mwanangu ana ualbino, tuko Shinyanga. Nimesoma mafuta ya nazi yanazuia jua, naweza kumtengenezea losheni ya jua nyumbani?

JIBU: Mama, hapana. Mafuta ya nazi, shea, alizeti, hamna hata moja linaloweza kumlinda mtoto mwenye ualbino na jua la Shinyanga. Kuchanganya unga wa zinki mwenyewe nako usijaribu, kwa mwiko au blenda hautawanyiki sawasawa, unabaki na sehemu hazina kinga na huzioni, na saratani ya ngozi ndo inapoanzia.

Losheni ya jua ya kweli ipo hapa hapa nchini, inaitwa Kilisun, inatengenezwa Moshi kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, na wanaigawa bure. Ulizia kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa au chama cha watu wenye ualbino wa hapo kwenu wakuelekeze inapogawiwa. Pamoja nayo kofia yenye ukingo mpana pande zote, mikono mirefu, na saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni akae kivulini, ongea na mwalimu wake hata mstarini asisimamishwe juani. Usiku ndo umpake shea yako ya nyumbani, hapo inamfaa kabisa.

SWALI: Niko Minneapolis, Marekani, baridi ya huku mafuta yote ya kwetu yameshindwa. Nifanyeje?

JIBU: Adui yako wa kwanza ni hita, inakausha hewa ya ndani kuliko hata huko nje. Weka kile kimashine cha kutoa mvuke chumbani kama unacho. Paka losheni yenye glisirini kwenye ngozi yenye unyevu, juu yake mafuta ya mgando. Haya ya mgando yanazuia maji kutoka kuliko mafuta yote niliyoyataja leo, usione aibu kuyatumia eti siyo ya asili.

SWALI: Nimejua kutengeneza na majirani wanataka kununua. Naanzaje bila kuvunja sheria? Iringa.

JIBU: Hongera. Kwa Tanzania vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Anzia ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa, wanafundisha wajasiriamali wadogo na watakuelekeza namna ya kufika TBS. Kabla ya hapo usiuzie watu. Na kama nguvu yako ni ndogo anza na mafuta yasiyo na maji, ya kumimina yaache mpaka uwe na mahali safi pa kufanyia kazi na sampuli zimepimwa maabara.

Kwenye kopo andika vyote vilivyomo, usifiche kitu cha siri, maana mwenye mzio atakitafuta hapo. Andika tarehe ya kutengeneza na namba ya pishi, yani makopo uliyotengeneza kwa mkupuo mmoja. Usiandike kwamba yanatibu fangasi au pumu ya ngozi, hiyo ni dawa na ina sheria zake. Alafu kila pishi bakiza kopo moja kabatini kwako, ulifungue kila mwezi unuse na uangalie rangi, likianza kubadilika piga simu kwa wote waliochukua namba hiyo.